Mto Uliokuwa Kwenye Ramani

Jumamosi asubuhi uwanja wa soko la Ekalakala ulijaa wanajeshi waliovaa bukta. Walinyoosha miguu juu ya meza za nyanya, na wenye nyanya wakazisogeza bila kugombana. Mashindano yalikuwa ya timu: watu wanne, dira moja, ramani moja. Kila timu ilitakiwa kutafuta vituo vilivyofichwa porini, kisha wote wanne warudi hapo sokoni pamoja na kurudisha ramani.

Koplo Kamanthe aliongoza timu ya wapishi wa kambi. Wapishi hawakuwahi kushinda. Kila mwaka kambi nzima iliwauliza kama walipotea wakitafuta chumvi.

Safari hii ramani zilinakiliwa kutoka kwa ile ya zamani, kwa kuwa ya zamani ilikuwa na rangi nzuri zaidi. Ilionyesha Mto Kavingo, mstari mnene wa buluu, kabla ya kituo cha mwisho. Kavingo ulikauka tangu malori yalipoanza kuzoa mchanga wake kwenda kujenga nyumba Syokimau. Hapo awali, hata wakati wa kiangazi, akina mama walifukua mchanga kwa mikono na maji yakachuruzika. Sasa umebaki mwamba, na mwamba haufukuliki.

Wapishi walifika Kavingo wakiongoza. Kamanthe akakunjua ramani aone mahali pa kuvukia, na mto ukaja. Ulitoka juu bila haraka, ukiburuta mchanga wake, ukafika magotini. Madereva wawili wa mchanga waliokuwa pale walipandisha malori yao ukingoni, wakajimiminia chai, wakangoja. Kamanthe alikunja ramani, maji yakaondoka. Alipoikunjua yalirudi. Aliwaambia wenzake kwamba ramani ni sahihi, wavue viatu.

Ng'ambo waliyokuwa wakielekea aliketi Kalunde, mama mwenye kitalu cha miche ya michungwa. Miche yake ilikuwa inakauka, naye alikuwa akipumzika njiani kwenda kisima cha mbali. Aliyatazama maji, kisha akaitazama ramani.

"Mwanangu, usiikunje kwanza," alisema.

"Mwaitu, mama yangu, leo tuko mbele. Hatujawahi kuwa mbele."

"Hongera." Kalunde alitumbukiza mtungi wa kwanza. "Shikilia hapo hapo. Mkono ukitetemeka yanaingia tope."

Kamanthe alishikilia. Kalunde alipiga simu, na kwaya ya kanisa ikaacha mazoezi ikaja na punda na mikokoteni. Mkono wa Kamanthe ulipochoka, wapishi wote walishika, kila mmoja pembe yake, kama wanaokung'uta kitambaa cha meza. Askari Kitheka, mdogo wao, alitaja kwa upole kwamba timu ya watu wa redio inavuka. Sajini Peris wa redio aliwapita akiwa amebeba viatu.

"Wapishi, mnaosha vyombo?"

Walifika sokoni wa mwisho, mchana, ramani ikiwa bado imekunjuliwa mikononi mwao. Msimamizi, Meja Ndunda, aliuliza kwa nini, na Kamanthe akaeleza yote. Meja alisikiliza hadi mwisho. Alikubali kwamba ramani ilikuwa na kosa, akatoa kalamu nyekundu, akaukata mto. Toleo la mwaka ujao, alisema, litasahihishwa. Kisha akaikunja ramani.

Kule Kavingo maji yaliondoka, lakini mchanga ulibaki, mpya na mwingi. Kalunde alipiga magoti akaanza kufukua kisima. Alipofikia mchanga mbichi, dereva mmoja alishuka akamwomba asogee kidogo, lori linarudi nyuma. Alisogea. Wapakiaji walichukua makoleo, na kabla ya jioni malori yote mawili yalijaa.

Dereva aliporudi kwenye usukani alimwuliza, kwa heshima, wanajeshi watakuja tena lini.

"Mwaka ujao," alisema Kalunde, akajitwisha mtungi wake.

Dereva akasema basi naye atakuja.