Kitabu cha Marehemu Rabi

Dada yangu Gitel alishikwa na uchungu Ijumaa, na Sabato asubuhi mtoto alikuwa bado hajatoka. Mkunga alishatuma gari la farasi likamlete daktari. Kuokoa uhai kunaruhusiwa hata Sabato. Lakini Gitel alitaka kitabu cha sala cha marehemu rabi wetu kiwekwe chini ya mto wake. Wanawake wa mji wetu hujifungua hivyo.

Kitabu alikuwa nacho Reb Hershl, mwana wa marehemu. Nilikwenda kwake na shemeji yangu, Lipa, mume wa Gitel.

"Hakitoki," alisema Reb Hershl. "Theluji imekata waya unaozunguka mji na kuufanya wote kama ua wa nyumba moja. Ukikatika, siku ya Sabato hatubebi hata leso barabarani. Unajua, Feivish."

"Dada yangu anakufa."

"Daktari aletwe, hata kwa farasi kumi. Daktari ni tiba. Kitabu si dawa."

"Ehe! Watu wakileta zawadi ni dawa, leo ni karatasi?"

Aliinamisha macho. Lipa ndiye aliyesema, "Basi Gitel aletwe kwenye kitabu. Sheria inasema aliye hai hujibeba mwenyewe, si mzigo."

"Una wazimu, Lipa?" nikamwuliza.

"Nyamaza, mchuna ngozi! Umesoma nini wewe?"

Sikusoma. Nilimtazama Reb Hershl, aliyesoma, amkataze. Akasema polepole, "Kwa mgonjwa aliye hatarini, labda."

Tulimbeba kwenye kiti, mablanketi juu yake, theluji ikitufika magotini. Gitel alifurahi, maskini. "Feivish, usinimwage kama ndoo ya maji machafu," alinitania. Kisha akanyamaza. Nilipotazama nyuma, theluji ilikuwa na damu tangu mlangoni kwao.

Daktari alifika akakuta kitanda kitupu. Alipoelekezwa kwa Reb Hershl, mtoto wa kike alikuwa analia, na mama yake amelalia kitabu, amekwisha.

Tulimzika Jumapili. Reb Hershl alikuja na kitabu. Kwetu vitabu vitakatifu vilivyochakaa huzikwa. Hiki hakikuchakaa, kilikuwa na madoa ya machozi ya baba yake tu. Akashuka kaburini, akakilaza kando ya Gitel, akapanda juu.

"Hapana!" Lipa alipiga kelele. "Kimemwokoa mwanangu! Kesho akiugua nitamwekea nini?" Akarukia shimoni.

Nilimkamata ukosi, nikamtoa. "Utamwitia daktari," nikamwambia.

Desturi yetu, mwenye kuanza kufukia hushika beleshi kinyume, mgongo juu, kuonyesha kwamba hana haraka ya kumzika mtu wake. Mimi nililishika sawasawa, nikachota udongo mwingi, nikaumwaga juu ya kitabu.