Maji Mia na Kumi

Mji huu wa kando ya ziwa, gari likichemsha, fundi hasumbuki kutafuta sababu. Anaomba spana, anaingiza mkono, anatoa themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji yaende kupoa, anaitupa kwenye kopo la misumari, basi. "Tayari bosi, hiyo haichemshi tena." Na mwenye gari anashukuru! Nimeyaona hayo Buzuruga, nimeyaona Buhongwa, nimeyaona kila penye fundi na kopo la grisi. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi nikimwona mtu ameshika kile kidude cha shaba, nasikia kichefuchefu, na wala sitii chumvi. Natema mate kabisa, watu wananishangaa.

Mimi ni Felicitas. Muganyizi ni kaka yangu, tumetoka tumbo moja kule Kagera, na alikuwa rubani. Alirusha zile ndege za kunyunyizia dawa pamba, na mimi nilishika redio ya shirika hilohilo. Yeye juu, mimi chini, tunaongea kutwa. Halafu zikaja zile enzi za ruksa, kila kitu ruksa, shirika likafa, ndege zikauzwa, tukaambiwa ahsanteni, nendeni nyumbani. Mimi nikakaanga maandazi. Kaka yangu akapanga viatu vya mitumba kwenye turubai, mtu mzima aliyekuwa anapita juu ya vichwa vya watu sasa anawafunga kamba za viatu.

Ndipo akaanza kutengeneza ndege yake mwenyewe. Watu walisema amerukwa na akili, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mbao, kitambaa, gundi, michoro iliyokuja kwa posta. Injini aliitoa kwenye gari la michezo la Kijapani lililokuja limepondeka ubavu. Si injini mnayoijua. Haina pistoni. Ndani kuna kitu cha pembetatu kinazunguka tu, mbio mbio, kwa hiyo ni nyepesi na ina nguvu za ajabu. Ubaya wake ni mmoja: joto. Ile injini ina joto la jehanamu. Usipoipoza sawasawa inajiua yenyewe, na ukiwa angani unajua maana yake.

Mkaguzi wa ndege kutoka Dar alishasema neno lake. Aone ndege inapanda kwa nguvu zote mpaka juu bila injini kuchemsha, naye atatoa kibali. Kaka akipata kibali, anakuwa rubani tena. Hakuna kingine alichokitaka duniani, hata kuoa alikuwa ameahirisha.

Sasa hela za kumalizia zilitoka kwa Chenge. Sipendi hata kulitaja jina lake kabla sijala. Chenge ni mwenye kiwanda cha minofu. Sangara wanaingia kwake wazima, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tunauziwa vichwa na miiba. Ukimsogelea ananuka samaki juu na marashi chini, au marashi juu na samaki chini, kutegemea upepo. Halafu ana tabia ya kuchokonoa meno wakati unaongea naye, anakiangalia alichokitoa, anakirudisha mdomoni. Mawe, mama yangu! Nilikuwa naangalia pembeni.

Alitupatia banda lake la zamani la pamba upande wa Kayenze, karibu na kile kiwanja cha majani cha ndege za dawa. Kabla hata bawa halijakauka rangi, jina la kiwanda chake lilikuwa limeshaandikwa chini yake, herufi kubwa kuliko mlango. Alitaka ndege ipite juu siku ya kufungua jengo jipya, Jumamosi aliyoipanga, mgeni rasmi akiinua macho asome.

"Itaruka ikipoa," kaka alimwambia.

"Ipoe, ipoe, mnaongea kama inaugua homa," Chenge akasema. "Jumamosi si mbali, ng'wanawane, mwanangu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kaka anaruka, anapanda kwa nguvu zote, mimi niko chini na redio. Ananisomea geji za joto, maji digrii ngapi, mafuta ngapi. Maji yakifika mia na kumi, mwisho, anashuka. Akitua tunabadilisha kitu kimoja tu, kimoja, halafu anaruka tena. Vitu viwili kwa pamoja hakubali, maana hutajua kipi kimesaidia. Tulikunja bati kutengeneza njia ya hewa ya kwenda kwenye rejeta, pale maji yanapopozwa. Tulifumua sweta langu la shule, tukagundisha nyuzi kwenye mdomo wa ile njia tuone hewa inavyokwenda. Nyuzi zikilala, hewa inapita. Zikicheza ovyo, inagoma. Tukapanua pa kutokea hewa, na hapo maji yalishuka tukacheza ngoma, watu wazima wawili kwenye majani.

Halafu siku moja yakapanda tena bila sababu. Akatua. Nikachungulia kwenye rejeta, nusura nitapike. Ilikuwa imeziba wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi kutoka majini, alipita katikati yao, wakajaa kwenye mapezi ya rejeta, wakapikwa humo wakawa uji mweusi unaonuka samaki aliyelala. Niliusugua ule uji kwa mswaki mpaka kucha zangu zikanuka, na mchana sikula. Ila kaka alifurahi, kwa sababu sasa tulijua. Akisikia joto la wadudu, dawa yake ni kuacha kupanda, kulaza pua, kukimbia ili upepo uisaidie rejeta, na joto linashuka lenyewe. Alijaribu siku iliyofuata, ikawa kweli. Ikabaki safari moja, kupanda mpaka juu ukielekea Nansio, ng'ambo ya maji, na kurudi. Ikipita hiyo, mkaguzi anaitwa.

Kosa letu lilikuwa kumweleza Chenge. Kaka alimwambia kwa furaha, "Juzi ilichemsha, lakini tumeshajua dawa." Yule bwana alisikia neno moja tu. Ilichemsha.

Asubuhi ya safari yenyewe Chenge alikuja uwanjani na Masalu, fundi wa malori yake ya samaki. Masalu ni kijana mpole, mikono myeusi, shikamoo zake zinatoka na kuinama. Sikuwaza kitu. Kaka akawasha injini, akaipasha, akanionyesha dole gumba. "Feli, maji yako chini kuliko siku zote! Leo imekubali." Na mimi mjinga nikachekelea.

Akaruka. Mwanzo kila kitu kilikuwa sawa. Maji themanini na tano, akasema. Tisini. Alishapita ufuo na kisiwa cha kwanza wakati sauti ilipobadilika.

"Maji mia. Yanapanda haraka."

"Wadudu?" nikauliza.

"Sijawaona. Lakini itakuwa ndio. Nalaza pua, nakimbia kidogo mbele, itapoa."

Mbele ilikuwa maji matupu. Nikageuka. Chenge alikuwa amekaa kwenye gari mlango wazi, anakula dagaa wa kukaanga kwenye gazeti, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye saa. Masalu alisimama nyuma yake, anatazama viatu.

"Kuna mtu amegusa injini?" nikauliza.

"Nani aguse?" Chenge akasema, mdomo umejaa. "Sisi tuna kazi zetu."

"Masalu?"

Masalu akamwangalia bosi wake. Bosi akatikisa kichwa kidogo tu, hivi, kama mtu anayefukuza inzi. "Hapana, dada," Masalu akasema.

"Maji mia na tano," kaka akasema. "Feli, haishuki. Nakimbia na haishuki."

Sasa hapa nataka mnielewe. Kama ni wadudu, alikuwa anafanya sawa, na kila alivyozidi kwenda ndivyo ingepoa. Kama ni kitu kingine, kila alivyozidi kwenda alikuwa anaiacha nchi kavu. Nilihitaji neno moja tu la kweli kutoka kwa watu wawili waliokuwa hatua chache kutoka nilipo. Mmoja anatafuna, mwingine anatazama viatu.

Nilimwendea Masalu, nikamkamata shati kifuani, mimi mwanamke wa maandazi. "Yule ni kaka yangu! Yuko juu ya maji! Mmefanya nini?"

Machozi yakamtoka. "Themostati, dada. Tumeitoa jana."

"Tumewasaidia!" Chenge akaropoka. "Si mlisema inachemsha? Ningewaambia mngeanza tena kujaribujaribu, moja leo, moja kesho, na Jumamosi ndiyo hiyo! Gari zangu zote nimetoa, hakuna inayochemsha!"

Gari zake zote. Loo! Injini ile si lori la samaki. Themostati yake ina kazi mbili. Maji yakipata moto inafunguka yaende kwenye rejeta, na papo hapo mkia wake unaziba kinjia cha ndani, kile ambacho maji hupita injini ikiwa bado baridi. Ukiitoa, kinjia kinabaki wazi. Maji mengi yanachukua njia fupi, yanazunguka humohumo ndani bila kuiona rejeta; injini ikinguruma tu chini, machache yanayopita yanatosha, ndiyo maana asubuhi yalikuwa baridi, lakini ukiongeza nguvu ndiyo unazidi kuyapika. Kaka alishanieleza hilo mara nyingi, mpaka nikawa namwambia nimesikia, baba, nimesikia.

Nikakimbilia redio. "Kaka, geuza! Si wadudu. Wametoa themostati. Haitapoa. Geuza sasa hivi!"

Hakutukana, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema tu, "Wameitoa?" kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua. Halafu akasema, "Nageuza. Maji mia na kumi."

Alipunguza nguvu, akarudi huku anashuka. Tuliiona ile ndege ikitokea, ndogo, na jina la kiwanda cha Chenge chini ya bawa likasomeka vizuri kabisa, kama alivyotaka. Ilikuwa imekaribia matete. Mpira wa maji ya moto ulipita chini ya miguu yake, hapakuwa na pengine pa kuupitisha. Ukapasuka. Nilimsikia kwenye redio. Sitaandika nilichosikia. Nitasema tu kwamba aliendelea kukanyaga pedali kwa miguu ile ile, kwa sababu angeiacha ingepinduka, akaishusha kwenye matete tumbo chini. Wavuvi waliokuwa wanavuta kokoro waliacha nyavu wakaenda kumtoa. Ngozi ya miguu ilibaki kwenye soksi.

Chenge alisimama ufuoni, akauliza kama jina kwenye bawa limechanika.

Jumamosi jengo likafunguliwa bila ndege. Walioalikwa waliniambia kwamba mgeni rasmi aliuliza, na Chenge akashika kipaza sauti akasema, "Ah, Mhaya wetu kachemsha!" Watu wakacheka, mnajua tena neno lenyewe siku hizi maana yake ni kushindwa. Hospitali alimtuma dereva na mfuko wa vichwa vya sangara, vinachuruzika damu sakafuni. Niliutupa kwa mbwa mbele ya dereva huyo.

Daktari alisema miguu itapona ya kutembelea. Ya kukanyaga pedali za ndege, hapana. Vifundo vimeganda. Mkaguzi wa Dar alipata habari, akasema pole.

Masalu alikuja baadaye peke yake, ameshafukuzwa kazi. Akanisalimia, akamsalimia kaka, akasimama pale pa kuning'inizia dripu akizungusha kitu kwenye leso. Akaifungua, akaiweka kitandani. Ile themostati, ameisugua mpaka inang'aa.

Kaka akaichukua, akaigeuza. "Ilikuwa imekwama?"

"Hapana, kaka."

"Ulijuaje?"

"Niliijaribu kabla sijaiweka mfukoni. Niliitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Ilifunguka vizuri kabisa. Ilikuwa nzima."

Kaka yangu aliuliza taratibu, kwa sauti ile ile ya redioni, "Sasa kama ilikuwa nzima, Masalu, uliitoa ya nini?"

Masalu alifikiri. Naapa alifikiri, kwa bidii, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa hilo maishani.

"Huwa tunatoaga tu, kaka," akasema.