Nilipokataa Kutia Kidole

Siku ya Jumanne, tarehe 29 Aprili 2025, saa nne asubuhi, niliitwa mbele ya kamati ya kituo chetu cha kununulia majani chai, upande wa juu wa Kibugu, nikatakiwa kuahidi kwamba sitawaonya watu tena.

Wao hawakusema hivyo. Waliiita "barua ya maelewano". Ilikuwa mezani, imepigwa chapa, na kando yake palikuwa na kikopo cha wino kwa ajili ya kidole changu gumba. Mwenyekiti, Mzee Nyaga, ananijua tangu nilipoolewa. Amenishuhudia nikitia kidole hapa kwa miaka mingi.

Kosa langu lilikuwa la Ijumaa iliyotangulia. Nilikuwa nikichuma chai katika shamba langu la juu, linalopakana na msitu. Kwetu jua lilikuwa likiwaka, lakini mlimani kulikuwa kweusi, na mto niliouvuka asubuhi kwa kukanyaga mawe ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, umebeba matawi mabichi, na ndani yake mawe yalikuwa yakigongana. Nilimpigia simu Njura, kiongozi wa akina mama wanaolima nduma, yaani magimbi, bondeni. Haikupokelewa, kwa maana wao huacha simu kikapuni, juu, mbali na tope. Nikakimbilia kituoni, nikamkuta Vincent, karani, akipima chai. Nikachukua kipaza sauti anachotumia kutangaza siku za kuchuma, nikasema mara tatu: "Mto unakuja! Tokeni bondeni!"

Watu waliacha foleni wakakimbia kuwaita wake zao na mama zao. Majani yakapata joto ndani ya magunia, yakaharibika, na gari la kiwanda likayakataa. Maji yenyewe yalifika, yakala mistari minne ya nduma na ndoo moja, yakapungua kabla ya jioni. Hakuna aliyekufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kamati.

"Mama Runji," Mzee Nyaga alisema, "hatukugombezi. Tia kidole hapa, urudi shambani kabla jua halijawa kali."

"Nitasoma kwanza, Mwenyekiti."

"Haya, gumbaru imeanza!" akacheka Kinyua, katibu. Gumbaru ndilo jina wanaloliita darasa letu la watu wazima. "Mleteeni mama chai ya saa kumi kabisa. Tutalala hapa."

"Na uniwekee maziwa, Katibu. Maneno yako ni marefu."

Nikasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Barua ilisema kwamba mimi, mkulima niliyetajwa, sitatumia kipaza sauti bila idhini ya maandishi ya mwenyekiti.

"Mwenyekiti," nikauliza, "Ijumaa saa tisa ulikuwa wapi?"

"Embu mjini, kwa daktari wa meno."

"Basi mto ungengoja mpaka ung'olewe jino?"

Waliosimama dirishani walicheka. Vincent aliinamia mizani yake asionekane. Mzee Nyaga hakucheka.

"Ukikataa, kamati itaikataa chai yako," alisema. "Kila wiki simu zinatuletea onyo la mvua, na hakuna linalotokea. Sasa na wewe? Watu wakizoea kukimbia bure, siku ya kweli hawatakimbia."

Lilikuwa neno zito, nami sitadanganya kwamba lilikuwa la kipumbavu. Nililijibu kwa lile ninalolijua.

Mwaka 2018 simu yangu ililia asubuhi, ukaingia ujumbe. Sikujua kusoma. Nikadhani ni tangazo la bahati nasibu, kama yanayoingia kila siku, nikaufuta. Alasiri ile dada yangu Gatwiri alikuwa akipalilia nduma. Tulimpata siku ya pili, mbali sana upande wa chini. Wakati wa matanga jirani alinisomea ujumbe uleule katika simu yake: lilikuwa onyo la mafuriko, limeandikwa kwa Kiingereza. Mwezi uliofuata nilijiandikisha darasani.

"Bibi yangu hakuwa na simu," niliiambia kamati. "Onyo lilipita kutoka kilima hadi kilima kwa mayowe, na sheria ilikuwa moja: ukisikia, pitisha kwanza, halafu uulize. Nyinyi mmeigeuza. Mnataka tuulize kwanza. Chai iliyoharibika niliiona, na yangu ilikuwamo. Gatwiri pia nilimwona. Chai itachipuka baada ya wiki mbili."

Kisha sauti ya Njura ikaja kutoka dirishani.

"Mimi nilikuwa kwenye ile mistari minne! Katibu, niandike na mimi kwenye barua hiyo, niahidi kwamba nitakufa kwa adabu."

Nikachukua kalamu ya Kinyua bila kumwomba. Mahali palipoachwa kwa ajili ya kidole nikaandika: *Nimesoma. Nakataa. Nitaonya tena.* Chini yake nikaweka jina langu lote, Lydiah Igoki, kwa herufi ambazo hakuna aliyenishikia mkono kuziandika.

Mzee Nyaga alikifungia kipaza sauti kabatini, akatia ufunguo mfukoni. Jumatano chai yangu ilikataliwa. Niliibeba mgongoni hadi kituo cha pili, mwendo wa saa nzima, na hivyo ndivyo ninavyofanya hadi leo. Nitaibeba. Ijumaa mbili baadaye mlima ulipokuwa mweusi tena, nilisimama ukingoni nikapiga mayowe, na Njura akayapokea akiwa chini.

Lakini sauti yangu inaishia kwa Njura, na mto hauishii hapo. Ndiyo maana nimeandika habari hii na kuinakili kwa mkono mara kumi na mbili. Wewe uliyeipata, usiihifadhi ndani ya Biblia. Mpelekee anayeishi chini yako mtoni; na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.