Sindano ya Wiki Sita

Talha alikuwa fundi friji wa Chamazi, na katika miaka kumi na miwili ya kazi hiyo alikuwa amejifunza kutoiamini friji yoyote ambayo hakuifungua mwenyewe. Kwa hiyo binti yake Najma alipofikisha wiki sita, hakuwa na ugomvi na chanjo yenyewe. Wasiwasi wake ulikuwa mahali chanjo inapolala.

"Umeme huku unakatika kila mara," alimwambia mkewe. "Nyama za watu zinaoza. Hiyo dawa inabakije nzima?"

Zubeda alikuwa na lake. Mtoto wao wa kwanza, Kondo, alipochomwa sindano hiyohiyo miaka minne nyuma, alichemka homa na paja likavimba likawa gumu kama embe bichi. Siku mbili mtoto alilia, siku mbili Zubeda hakula.

"Tungoje akue kidogo," akasema.

"Tungoje," Talha akasema.

Tangu waoane hawakuwahi kukubaliana upesi namna ile, na hakuna aliyeona ajabu.

Wiki ile ile, Talha aliona si haki kuisema vibaya friji ya watu bila kuiona. Akaenda zahanati, akamkuta muuguzi wa chanjo, Sista Rosalia, mama wa makamo kutoka Newala, aliyesikiliza hoja zake zote bila kupepesa jicho. Kisha akampeleka chumba cha nyuma.

Friji ilikuwa ya sola. Talha akapapasa mpira wa mlango, akasikiliza kompresa, akapiga magoti akachungulia nyuma. Mlangoni palibandikwa karatasi ya nyuzi joto, asubuhi na jioni, mpaka Jumapili na sikukuu. Hakuna siku iliyovuka nyuzi nane, kikomo cha chanjo. Sista akatoa kichupa, akamwonyesha alama ndogo, mraba mweupe ndani ya duara.

"Joto likikipata, mraba huu unakuwa mweusi. Hapo tunakitupa, hata aje nani kutubembeleza."

"Friji nzuri," Talha akakiri. "Chamazi sijaona inayoifikia."

"Basi mlete mtoto Jumanne, baba Najma."

"Nitamleta."

Jumanne hiyo alipata kazi Ubungo, bucha moja lenye friji mbili. Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha. Sababu yake ilikuwa imeshakufa, lakini kungoja kulikuwa kumeshakuwa mazoea, na Zubeda, ambaye bado aliliona lile paja kila akifumba macho, hakumkumbusha.

Siku hizo kaka yake Talha, Mwinjuma, alikuwa akija kila Ijumaa kutoka Kipawa baada ya swala. Alikuwa na kikohozi cha karibu mwezi mzima. Alilisingizia vumbi la barabara iliyokuwa ikichongwa mbele ya duka lake. Alikuwa akigeukia ukutani kwa adabu, anakohoa, kisha anageuka tena na kumbusu mtoto.

Najma alianza na mafua. Baada ya siku chache kikaja kikohozi, kidogo, cha kuja na kuondoka. Kisha siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, Talha akiwa uani na friji ya mteja, alikisikia kikifuatana bila nafasi ya pumzi, mara kumi, mara kumi na tano, halafu kimya. Alingoja mtoto alie. Hakulia. Alipoingia ndani, Zubeda alikuwa amemlaza Najma kifudifudi juu ya mkono, akimsugua mgongo, na midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya zambarau.

"Hapumui," Zubeda akasema, kwa sauti ileile ya kusema chumvi imekwisha.

Kisha Najma akavuta pumzi, kwa shida, akatapika maziwa. Wakakimbilia bajaji. Talha alikuja kugundua kwenye foleni ya hospitali kwamba bado ameshika bisibisi.

Daktari, kijana aitwaye Lusungu, alimsikiliza mtoto kifua, akaomba kadi ya kliniki. Nafasi ya wiki sita ilikuwa tupu. Najma alikuwa na wiki tisa.

"Dalili zote ni za kifaduro," akasema. "Nani nyumbani anakohoa?"

Mke na mume wakatazamana.

"Angechanjwa, kisingempata?" Talha akauliza.

"Sindano moja haimkingi kikamilifu. Ingempa nafasi nzuri zaidi." Daktari akaendelea kuandika. "Sisemi ili ujilaumu, braza. Umeniuliza."

Walikaa wodini siku kumi na moja. Kila kikohozi kilipoanza Talha alihesabu, na kila kilipokoma alingoja pumzi. Siku ya pili pumzi ilikawia mpaka muuguzi akamsukuma kando, akamfunika mtoto barakoa ya hewa. Talha akatoka nje, akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Nyumba nzima walipewa dawa, Mwinjuma naye. Kondo aliinywa yake akaomba nyingine, kwa kuwa ilikuwa tamu.

Siku ya nne, Najma akiwa amelala, Zubeda alisema, "Mie nilikuwa naogopa homa ya siku mbili."

"Na mie friji."



Najma alirudi nyumbani amekonda, na kikohozi kilichochukua wiki nyingi kuisha. Daktari alisema sindano zibaki palepale, kuugua hakuzifuti. Daktari aliporuhusu, Talha alifunga kazi Jumanne asubuhi akambeba mwenyewe. Homa ilikuja, ndogo, ikaondoka.

Mwinjuma hakuonekana Ijumaa tatu mfululizo. Ya nne alikuja, akaketi barazani.

"Ni mie niliyemwambukiza?" akauliza.

Talha angeweza kusema siyo.

"Huenda, kaka," akasema. "Lakini wewe hukujua unachougua. Mie nilijua kuna sindano."

Mwinjuma akaweka chini kikombe chake cha chai. "Dozi nilimaliza," akasema. "Sikohoi tena."

"Basi ingia ndani."

"Hapa panatosha."

Zubeda akatoka na mtoto, akampita mumewe, akamweka Najma mikononi mwa shemeji yake. Mwinjuma alimshika mikono imenyooka, kama mtu aliyepewa trei ya mayai, uso ameugeuzia barabarani, mdomo ameufumba.

"Shemeji, unaweza kupumua," Zubeda akasema.

"Nipo sawa hivihivi," akajibu Mwinjuma, sauti ikitokea puani.