Jicho la Njiwa Lililobaki Kwenye Kioo

Njiwa wangu alikuwa na jicho. Nililiona mimi, mwalimu wa kwaya akaliona, na hata wifi yangu, ambaye kazi yake hapa duniani ni kuona kasoro za watu, alilitazama akanyamaza.

Nilimchora njiwa huyo kwenye kompyuta kwa jioni tatu. Ufundi wa cherehani ninao tangu ujana, lakini kompyuta nimeijua ukubwani, kwenye darasa la jioni, nikiwa tayari na wajukuu wawili na miwani ya kusomea. Mashine ya kutarizi haina akili yake yenyewe, inashona kile tu ilichochorewa. Basi nikachora mabawa, mdomo na kitawi cha majani. Jicho nikaliacha liwe la mwisho, maana marehemu mama alinifundisha kwamba sura humalizikia machoni. Asubuhi yake nilipowasha kompyuta nikalikuta jicho lipo, la kijani, dogo kama ncha ya sindano, mahali pake kabisa. Nikasema, asante Bwana, kumbe jana nilimaliza. Sikujiuliza zaidi. Mtu akipewa baraka haombi risiti.

Mwalimu wa kwaya alipokuja kulikagua akainama nyuma ya bega langu. "Jicho hili linanitazama kama linajua nilipokosea Jumapili," akasema. "Shoneni."

Tukashona majoho ishirini na sita ya zambarau, kila moja na njiwa mweupe kifuani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayesimamia mashine, nami nakata na kuunganisha. Yeye mwenyewe anaimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo. Jumatatu, zikiwa zimebaki siku sita majoho yavaliwe, alikuwa akipunguza nyuzi zilizoning'inia, joho baada ya joho, huku akiimba. Mara akaacha kuimba. Wifi akinyamaza, jua kuna jambo.

"Wifi," akasema, "hawa njiwa wako wanaona?"

"Waone nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Maana hawana macho."

Nikachukua joho la juu. Njiwa hana jicho. La pili, hana. Nikapekua rundo lote mpaka chini kama mtu anayetafuta ufunguo. Nikaenda kwenye kompyuta, nikamfungua njiwa wangu, na jicho likawa linang'aa palepale.

"Si hili hapa? Mashine yako imeruka mishono."

"Mashine yangu ndiyo imeruka, mara ishirini na sita, mahali pamoja?" Wifi akashika kipanya. "Hebu sogea."

Akamvuta njiwa kuelekea kushoto. Njiwa akaenda. Jicho likabaki pale lilipokuwa, peke yake, linatutazama.

Kisha wifi akakaa juu ya rundo la majoho, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa joho la mtu. "Umetutarizia kwaya ya vipofu," akasema. "Na wewe unamshukuru Mungu."

Nilifungua ukurasa mweusi mtupu ili nione vizuri. Kulikuwa na kitone kile cha kijani karibu na katikati, na vingine viwili kwenye kona ya chini. Vitone vitatu vilivyowaka na kukataa kuzima.

Majoho hayakunitisha. Jicho ni mishono minne ya mkono, na tulikuwa na siku sita. Kilichonitia baridi ni kioo chenyewe cha kompyuta. Kazi iliyofuata ilikuwa nembo za shule moja, za buluu, zenye nyota tisa ndogo sana. Kwa kioo kile ningehesabu vitone kuwa nyota, shule ikajikuta na sita tu, au ningefuta ya kweli nikidhani ni ya uongo. Fundi asiyeweza kuamini anachokiona hana tofauti na wale njiwa. Kununua kioo kingine mwaka ule hakukuwezekana. Nikatoa karatasi ya waranti, ambayo naihifadhi ndani ya Biblia ili isipotee, nikasoma tarehe. Ilikuwa inaisha Jumamosi ya wiki ile ile.

Jumanne nikakifunga kioo kwa blanketi, nikakipeleka dukani. Fundi wa pale ni kijana mpole mwenye bisibisi sikioni, kama vile sisi tunavyoweka kalamu. Alikiwasha, akakitazama kwa makini, kisha akaelekeza kidole kwenye tangazo lililobandikwa ukutani.

"Mama, hivi vinaitwa pikseli zilizoganda. Kampuni inasema kioo kinabadilishwa vikiwa vitano au zaidi. Wewe una vitatu."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukipata viwili vingine kabla ya Jumamosi, njoo." Alisema bila mzaha, na nadhani kwa huruma. Kisha akaniwekea programu moja ya kumulikamulika rangi. "Iache ifanye kazi saa moja. Halafu chukua kitambaa laini, usugue juu ya kitone taratibu. Mara nyingine huamka vyenyewe."

Nilirudi na kioo changu. Wifi alikuwa akishona macho, tayari amefika la tisa, nikamsimulia.

"Vitano?" akasema. "Basi kazi ndogo. Bonyeza kidogo kwa kastabini, hapa na hapa. Kioo ni chako, kidole ni chako."

"Na uongo ni wa nani?"

"Uongo gani? Hutasema neno. Utapeleka tu vitone."

"Wifi, wewe unaimba mbele ya madhabahu."

"Ndiyo maana najua Mungu ni mwingi wa rehema," akajibu, akakata uzi kwa meno.

Alipokwenda kuchota maji nilibaki peke yangu na kioo, na kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, ilikuwa kidoleni mwangu, maana nilikuwa nimeanza jicho la njiwa mmoja. Sitaficha. Nilikinyanyua kidole kile mpaka karibu na kioo. Ndipo nikaona heri niombe kwanza, nikafumba macho, na hapo nikakwama. Niombe nini? Nikimwomba Mungu aviponye vitone vitatu, anaweza kuponya viwili na kuniachia kile cha katikati, halafu waranti nayo iende. Nikimwomba aongeze viwili, namwomba Mwenyezi aharibu kioo ili mimi nisikiharibu. Mwisho nikasema, "Bwana, wewe kiangalie tu. Macho unayo." Nikavua kastabini, nikaitia kwenye mkebe wa vifungo.

Kisha nikafanya kama fundi alivyoniagiza. Programu ikamulika rangi saa nzima, chumba kikawa kama nyumba ya harusi, na njiwa kwenye majoho wakabadilika rangi, nyekundu, kijani na manjano. Nikasugua kwa kitambaa cha miwani. Na kweli, kitone kimoja cha kona kikazima.

"Sasa unavyo viwili," wifi akasema aliporudi na ndoo. "Ulikuwa unatafuta vitano. Safari yetu ni ya kinyumenyume."

"Kimepona kwa haki."

"Kimepona, ndiyo. Na cha katikati kinakonyeza."

Jumatano tukamaliza macho yote ishirini na sita. Alhamisi nikaenda darasani. Tulikuwa na jaribio, na mwalimu wetu wa jioni, mtu wa maneno machache, alirudia kauli yake ya kila jaribio: "Geuzeni karatasi. Kila mara kuna mtu anayesahau nyuma." Wenzangu wakanigeukia, wakatabasamu. Mtu huyo ni mimi. Katika jaribio la kwanza niliacha maswali manne ya upande wa pili, nikakabidhi karatasi kabla ya wote, nikatoka nimeinua kichwa.

Nikageuza karatasi. Na mkono ukiwa bado juu ya karatasi ile, nikakumbuka ile nyingine, iliyolala ndani ya Biblia. Nilikuwa nimeisoma mbele tu.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo, na mchoro wa kioo kilichogawanywa vipande tisa sawa, kama dirisha la vioo tisa. Nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Pembeni, vitone vitano. Lakini katika kipande cha katikati, kitone kimoja kinatosha.

Nikapiga magoti palepale na viatu vyangu.

Jumamosi asubuhi wifi akanisindikiza. Alisema anakuja kunisaidia kubeba, lakini ninamjua, alikuja kuona. Fundi akaisoma karatasi yangu mbele na nyuma, akakuna kichwa.

"Hili la nyuma sikulijua," akasema. "Tangazo letu ni la ufupi. Ila, mama, kitone chako kipo juu. Kwa macho naona kama kipo nje ya kipande cha katikati."

"Kwa macho," wifi akasema. "Sisi tuna macho ishirini na sita nyumbani, tuliyashona wenyewe. Kwa macho hatumwamini mtu."

Fundi akatafuta rula. Ilikuwa fupi, ikafika katikati ya kioo ikaishia hapo, na akaanza kujumlisha na kugawanya kwenye kiganja. Mimi nikatoa uzi mkobani. Hii ni kazi yetu ya kila siku. Ukitaka theluthi ya kitambaa, huhitaji hesabu. Nikanyoosha uzi kutoka ukingo wa juu wa kioo hadi wa chini, nikaukata, nikaukunja sehemu tatu sawasawa. Nikauning'iniza kutoka juu. Ncha yake ilikoma, na kitone kikawa chini yake, kwa upana wa punje ya mchele.

"Kipo ndani," nikasema.

Fundi akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaupima uzi tena yeye mwenyewe, akaukunja yeye mwenyewe. Halafu akaupima kwa upana, maana ni mtu makini, na huko hakukuwa na shaka yoyote.

"Kipo ndani," akakubali. Akavuta fomu. "Nina swali moja tu. Kioo hiki kimewahi kubonyezwa au kugongwa?"

"Nimekisugua kwa kitambaa laini, kama ulivyoniagiza. Kitone kimoja kikapona, ndiyo maana unaona viwili."

"Hiyo inaruhusiwa."

"Na nilikielekezea kastabini."

Wifi akafumba macho. Fundi akaacha kuandika. "Ukakigusa?"

"Sikukigusa. Nilikuwa karibu."

Akanitazama, kisha akakikagua kioo kwenye mwanga, upande huu na upande ule. Hakikuwa hata na mkwaruzo. "Mama," akasema, "fomu ina nafasi ya kubonyezwa. Ya kukaribia haina. Hiyo mtaelewana na Mungu."

"Tulishaelewana."

Akagonga mhuri. Akaenda stoo, akarudi na kioo kipya kwenye boksi lake, akakiwasha mbele yetu kwa ukurasa mweusi. Tulikikagua watu watatu, vichwa vikigongana. Kilikuwa cheusi kila mahali.

Njiani wifi alibeba boksi bila kuombwa, jambo ambalo nimeliandika moyoni. "Unajua," akasema, "kitone hicho kingekuwa juu kidogo tu, tungekuwa tunakirudisha kile kile."

Nilikuwa nimekwisha kulifikiria. Programu yangu huanza kila mchoro katikati ya kioo, nami sikuwahi kumwondoa njiwa pale alipozaliwa. Kama kitone kingeganda mbali na katikati, kisingekuwa jicho lake, na nisingeaibika. Lakini nisingepata kioo pia.

Jumapili kwaya ikasimama. Kutoka mbali majoho yalipendeza. Kutoka benchi langu, la pili, niliona kila njiwa ana jicho lake la mkono. Yale yangu yalitazama mbele, na yale ya wifi yalitazama juu kidogo, kama mwenyewe anapotafuta noti ya juu. Mwalimu wa kwaya alinipitia baada ya ibada. "Nilidhani mashine hushona yote sawa," akasema. "Hawa kila mmoja anatazama kwake."

"Kama waimbaji wako," wifi akamjibu, akaenda zake.

Jumatatu niliwasha kompyuta, nikafungua nembo ya shule na kuhesabu nyota. Tisa. Nikaivuta ya kwanza, ikaja, na nyuma yake hapakubaki kitu. Kabla sijaendelea nikamfungua njiwa. Alikuwa mweupe, mzima, hana jicho. Nikashika kipanya, nikaliweka, la kijani, mahali pake. Kisha nikamvuta kushoto, nikamvuta kulia, na jicho likamfuata kila alikokwenda.