Tangazo Lililosubiri Muhuri

Ambrose alikuwa anazoa tope mlangoni kwake, tope la mvua ya usiku, simu ilipotetemeka mfukoni. Akausoma ujumbe akiwa ameegemea koleo. Ulitoka kwa watu wa hali ya hewa: upepo mkali na mawimbi makubwa Ziwa Nyasa kuanzia saa tano asubuhi, mafuriko yanaweza kutokea mabondeni, wavuvi na wasafiri wachukue tahadhari. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi.

Kipaza sauti cha kitongoji, alichokabidhiwa kama mwenyekiti, kilikuwa kimetundikwa ukutani, betri mpya kabisa. Mwenyekiti mwingine angekichukua hapo hapo. Lakini mwaka jana Ambrose alitangaza ujumbe kama huu, akina mama wa vyungu wakaacha kwenda gulioni, na ziwa likashinda limetulia kama uji uliopoa. Kitongoji kizima kikambatiza Mzee wa Gharika. Mtendaji wa kata, Bwana Jubilate, yeye hakucheka. Alimwita ofisini.

“Ushuru wa gulio zima umepotea kwa sababu ya mdomo wako. Kuanzia leo, hakuna tangazo bila barua yangu yenye muhuri.”

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ambrose akampigia.

“Subiri barua,” alisema Jubilate, akisikika anatafuna. “Muhuri anao karani, na karani hajafika. Leo Jumamosi, bwana.”

“Akina mama wanaondoka kwenda gulioni, mheshimiwa.”

“Kwani wewe ni redio? Subiri.”

Akashuka ufukweni. Anyisile, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa peke yake. Wenzake walikuwa wametangulia kwa njia ya miguu, vyungu kichwani. Yeye magoti yalikuwa yamemkataa, akaazima mtumbwi. Alikuwa anapanga vyungu vyake vya Kikisi, kimoja ndani ya kingine, nyasi kavu katikati. Vyungu thelathini na viwili, kazi ya mwezi mzima. Mtumbwi ulikuwa umezama hata maji yamebakiza vidole vitatu kufika ukingoni.

“Ugonile, mwenyekiti,” alimsalimu.

“Ndaga, mama. Mzigo huo si mwingi?”

“Ukuta wangu wa nyuma umelala. Nikipata mifuko miwili ya saruji leo, nitalala bila kusikiliza mvua.” Akasimama, akatazama ziwa. “Limekaaje leo? Simu yako imesema nini?”

Mkono wa Ambrose ulikuwa mfukoni, juu ya simu hiyo hiyo.

“Sijapata taarifa yoyote, mama.”

“Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.”

Akamsaidia hata kuusukuma mtumbwi.

Saa tano kasoro upepo uliingia. Ulianza na migomba, kisha ukang'oa bati mbili za kanisa. Mawimbi yalipanda mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Ambrose alisimama kwenye mvua, akijiambia kwamba barua haikuja, kwamba sheria ni sheria, kwamba huenda Anyisile ameshafika. Hakuna hata moja lililomwingia. Alikuwa amemdanganya mama wa watu kwa kuogopa kuchekwa na kuogopa kufokewa, na alijua.

Saa nane wavuvi walimleta Anyisile. Walimkuta ameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka, midomo imegeuka rangi. Vyungu vyote vilikuwa chini ya ziwa. Wakamkalisha karibu na moto, chini ya paa la duka la ufukweni. Ambrose akavua koti lake, akamfunika.

“Huyu ndiye mwenyekiti wetu,” alifoka mvuvi mmoja. “Kipaza sauti amekifanya pambo.”

“Mwacheni,” alisema Anyisile huku meno yakigongana. “Nilimuuliza mwenyewe. Hakujua. Angejua angeniambia.”

Ambrose alitamani ardhi immeze. Hapo simu ikatetemeka: picha ya barua, muhuri wa bluu katikati, tarehe ya leo. Jubilate akapiga papo hapo.

“Umeipata? Sasa niandikie taarifa, usaini, unitumie picha kabla ya saa kumi. Andika wananchi walitangaziwa saa moja asubuhi, wakakaidi. Wilaya wanasubiri.”

“Sawa,” alisema Ambrose.

Akaenda nyumbani, akarudi na kipaza sauti. Akakiwasha hapo hapo mbele ya duka.

“Wananchi, kuna upepo mkali na mawimbi makubwa kuanzia saa tano asubuhi.” Watu wakamwangalia kama mwehu. “Ujumbe huu niliupata saa kumi na mbili na dakika kumi. Niliambiwa nisubiri muhuri, nikasubiri. Mama Anyisile aliniuliza, nikamwambia sina taarifa. Nilikuwa nayo mfukoni. Sasa mtendaji anataka nisaini kwamba mlitangaziwa saa moja mkakaidi. Hamkutangaziwa. Sisaini.”

Akazima. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Anyisile akalivua lile koti, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akamrudishia. Akajifunga kanga yake iliyolowa, akaelekea kwake, kwenye ule ukuta uliolala.