Jasho la Kobina Amissah

Kila Jumamosi kabla jua halijachomoza, chama cha mazoezi cha Mifupa Migumu kiliwaamsha watu wa Sekondi, mji wa pwani ya Ghana. Wanaume kwa wanawake, wamevaa fulana za kijani, wakipiga ngoma mbili na tarumbeta, walikimbia kutoka kilima cha Ketan kushuka mpaka ufukweni na kurudi, wakiimba nyimbo ambazo mtu haziimbi mbele ya mama mkwe wake. Aliyewaongoza alikuwa Kobina Amissah, fundi wa karakana ya reli, mtu wa kifua kipana na miguu isiyojua kuchoka. Walimwita Kapteni.

Mbio zikiisha, kundi zima lilijimwaga kwenye mabenchi ya Maame Yaaba, muuza akpeteshie, ile gongo ya mchikichi iliyolowekwa mizizi michungu. Wengine walikunywa glasi moja mbili wakaondoka. Kobina alibaki mpaka adhuhuri. Wala haikuwa Jumamosi peke yake. Alikunywa asubuhi kabla ya kazi, akanywa mchana, akanywa jioni, na mkono wake haukutulia mpaka apate ile ya asubuhi.

Mkewe, Araba, aliyekuwa akiuza kenkey, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga mbele ya nyumba, aligombana naye miaka ya mwanzo mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mume akampa sharti.

"Araba, mimi kunywa nitakunywa, nisikudanganye. Lakini nitakimbia. Siku ukiniona nimelala huku wenzangu wanakimbia, vunja chupa zote."

Araba akakubali. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa zile mbio. Alimwamsha, alimfulia fulana, na mvua ikinyesha alimsukuma nje mlangoni. Kobina aliporudi, jasho lake lilinuka akpeteshie tupu. Alikuwa akimsogezea mkewe bega na kumwambia, "Nusa. Unaona inavyotoka?" Araba alinusa, na moyo wake ukatulia, maana aliamini kabisa kwamba harufu ile ni ya pombe inayohama mwilini.

Tena ushahidi ulikuwepo. Watu wa benchi la Maame Yaaba walikuwa wakipukutika. Paa Kwesi alivimba tumbo akafa. Ato, mshona viatu, alikutwa amekauka kitandani. Kwenye kila msiba Kobina ndiye aliyebeba jeneza mbele, bega halitetereki.

"Wale walikuwa watu wa kukaa," alisema. "Pombe ikimkuta mtu amekaa, nayo inakaa."

Kisha yakaja mambo madogo madogo. Kobina akaanza kujikuna usiku na mchana. Chakula kikamshinda, akawa anavunja kipande cha kenkey, anakizungusha kwenye pilipili, anakiacha. Siku moja, wakiwa uani mchana, Araba aliona weupe wa macho yake umekuwa kama maji ya mahindi.

"Kobina, macho yako yana nini?"

"Vumbi la karakana."

"Vumbi la rangi ya njano?"

"We mwanamke, jana nimewaacha vijana wa miaka ishirini wakihema kule mlimani. Mgonjwa gani huyo?"

Araba akarudi kugeuza samaki wake. Kusema kweli, hakutaka kujua zaidi.

Jumamosi ya Pasaka vyama vya mitaa mingine vilikuja kushindana. Wakati wa kurudi, kwenye kile kilima cha Ketan, Kobina alisimama ghafla akashika ukuta wa kanisa. Joojo, mpiga ngoma na rafiki yake wa tangu utotoni, alimpita akimtania, "Kapteni, leo umekumbuka kusali?" Alipogeuka, akamwona Kobina akitapika damu, nyeusi na nyekundu, mpaka fulana ya kijani ikalowa. Ngoma ikamponyoka Joojo ikabingirika mpaka mtaroni.

Hospitalini walimwongezea damu, wakaingiza mpira kooni wakaifunga mishipa iliyopasuka. Daktari alikuwa dada mmoja kutoka kaskazini, jina lake Memunatu, mtu asiyependa kuzungusha maneno. Alimweka Araba kwenye kiti kando ya kitanda.

"Ini la mumeo limejaa makovu," alisema. "Damu imekosa pa kupita, ndiyo maana mishipa ya kooni imevimba ikapasuka."

"Lakini daktari, huyu anakimbia. Tangu nimemjua anakimbia."

"Naona. Na mbio zimemsaidia, sitakuficha. Mnywaji anayetumia mwili wake ini lake halijai mafuta haraka, na moyo wake unavumilia. Pengine bila mbio mngeshamzika. Lakini pombe haitoki kwa jasho, dada. Kinachotoka ni harufu. Pombe yenyewe, karibu yote, inapita kwenye ini, na kila ikipita inachoma. Mbio zilipunguza makali. Hazikufuta kitu."

Kobina, aliyedhaniwa amelala, alifungua macho.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Pombe basi. Si kupunguza, ni basi. Nitakupa dawa za kukusaidia na ile mitetemo. Kukimbia milimani acha kwa sasa, mishipa bado mibovu. Tembea polepole asubuhi, ule, misuli isikuishie. Ukifanya hivyo unaweza kuishi miaka. Wapo walioishi."

Walirudi nyumbani, na kwa muda Kobina alijitahidi. Alitetemeka, alitoka jasho baridi, alilia kama mtoto, lakini hakunywa. Asubuhi Araba alimshika mkono wakatembea mpaka kwenye reli na kurudi. Mtu aliyekuwa akiupanda mlima akiimba sasa alipitwa na mabibi wanaokwenda sokoni.

"Kapteni, siku hizi unachunga kuku?" vijana walimwuliza.

"Nawachunga, na wewe nimekuona," alijibu, watu wakacheka. Ila Araba, aliyekuwa amemshika mkono, alihisi vidole vya mumewe vikikaza.

Asubuhi moja hakuinuka. Araba alimletea viatu, akaviangalia tu.

"Inuka tutembee."

"Nikatembee nini?"

"Daktari alisema."

"Daktari alisema haitoki. Mimi sikuwa nakimbia kwa sababu napenda kukimbia, Araba. Nilikuwa nakimbia itoke. Kama haitoki, nimehangaika bure."

"Hakusema bure. Amesema mbio zimekusaidia. Amesema ukiacha kunywa..."

"Nimesikia alichosema."

Jioni hiyo alikuwa kwenye benchi la Maame Yaaba. Araba alikumbuka lile sharti, akavunja chupa zote alizozikuta ndani. Kobina alitazama vigae, akafagia mwenyewe, akaenda kununua nyingine.

Basi akawa anakunywa bila kukimbia. Ule mwili alioujenga miaka yote ulimwondoka kana kwamba aliuazima. Mikono ikawa fito, tumbo na miguu vikajaa maji vikang'aa. Akaanza kusahau majina, akawa anamwita Araba kwa jina la marehemu dada yake. Upepo mkavu wa harmattan ulipoanza, akatapika damu tena, na safari hii hawakuwahi kufika hospitali.

Mifupa Migumu walimzika kwa heshima zao zote. Walilibeba jeneza wakikimbia nalo mpaka makaburini. Baadaye, uani kwa ukoo, chupa zikafunguliwa, na Joojo, ambaye sasa ndiye kapteni, akasimama na glasi mkononi.

"Kobina alipokuwa akikimbia, alikuwa hai," alisema. "Alipoacha, akafa. Wenyewe mmeona. Ndugu zangu, tusiache kukimbia."

Watu wakaitikia, glasi zikainuliwa. Mjane hutakiwa kukaa kimya kwenye mkeka wake. Araba alisimama.

"Kilichomuua ni hicho mlichoshika," alisema. "Mbio zilimchelewesha tu. Daktari aliniambia, na Kobina alisikia."

Kisha mkuu wa ukoo akasema kwa upole, "Mketisheni. Ni majonzi," na wanawake wawili wakamshika mabega. Ngoma zikaendelea.

Wiki iliyofuata Joojo alikuja peke yake, mchana, wakati Araba akifunga kenkey kwenye majani. Hakusalimia vizuri. Alikaa kwenye kigoda, akapandisha suruali, akabonyeza muundi wake kwa dole gumba. Alipoliondoa, shimo likabaki palepale kwenye nyama.

"Ni sababu ya kukimbia sana, siyo?" aliuliza.

Araba alilitazama lile shimo; miguu ya Kobina ilibonyea hivyo hivyo. Halikuwa na haraka ya kujaa.

"Siyo," alisema.

Joojo akashusha suruali. "Yule daktari wako wa kaskazini, yupo siku gani?"

"Jumatatu. Nitakwenda na wewe."

Jumatatu alifika kweli, fulana safi, nywele zimechanwa. Alikuwa amekunywa kwanza, apate moyo wa kwenda. Araba aliinusa harufu, hakumwambia neno. Alichukua mkoba wake, wakaenda, wakakaa kwenye foleni pamoja na wengine.